Cha Kupakata, cha Kushika, au cha Kuweka Mezani?

Ukienda dukani kununua laptopu ya kukunja, beba karatasi ya A4, ileile ya fotokopi na barua za ofisini. Upana wake ni sentimita 21, urefu sentimita 29.7. Simamisha skrini wima kama ukurasa wa kitabu, kisha ibandike karatasi juu yake. Kwenye skrini ya inchi 13.3 yenye umbo la 16:9, karatasi itatokeza pembeni, kwa sababu skrini hiyo ikisimama ina upana wa sentimita 16.5 tu. Kwenye skrini ya inchi 16 yenye umbo la 16:10, karatasi inaenea yote, na inabaki nafasi ya karibu sentimita 5 ya kukaa vitufe vya programu.

Kipimo hicho hakihitaji fundi, na kinakueleza uzuri wote wa laptopu kubwa ya kukunja. Ubaya wake utaujua ukishainyanyua.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ambayo skrini yake huzunguka kwa bawaba mbili hadi nyuzi 360, ikalala mgongo kwa mgongo na kibodi. Muundo huo ulipata umaarufu mwaka 2012, Lenovo ilipotoa Yoga, mwaka uleule Microsoft ilipotoa Windows 8, mfumo uliobuniwa ili skrini iguswe kwa vidole. Yoga za mwanzo zilikuwa za inchi 11 na 13. Za inchi 15 na 16 zilifuata baadaye, na hapo ndipo hesabu ilipobadilika.

Kiswahili kimeshatusaidia kuielewa hesabu hiyo. Kompyuta ya kubebeka tunaiita kipakatalishi, kwa kuwa hupakatwa mapajani. Tableti tunaiita kishikwambi, neno lililozoeleka Tanzania hasa wakati wa sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo, na ndani yake tunasikia kitu cha kushikwa. Laptopu ya kukunja huuzwa kwa ahadi kwamba itapakatwa na itashikwa. Ile ndogo hujitahidi. Ile kubwa hupakatwa kwa taabu, na kushikwa haishikiki.

Angalia uzito. Galaxy Book3 Pro 360 ya Samsung ya mwaka 2023, ambayo kwa inchi 16 ni nyepesi, ina kilo 1.66. Nyingi za ukubwa huo hukaribia kilo 2. Kishikwambi cha kawaida cha inchi 10 au 11 huwa karibu nusu kilo. Shika pakiti mbili za sukari za kilo moja moja kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiandika, uone utavumilia dakika ngapi. Tena ukiwa umeikunja, vidole vyako vinashika kibodi iliyogeukia nyuma. Vitufe vyenyewe havitaandika kitu, kwa kuwa kitambuzi huvizima skrini inapopita nyuzi 180 hivi, ila mkono hauzoei kirahisi.

Watengenezaji wamejaribu kuukwepa uzito huo. Microsoft ilitoa Surface Book 2 ya inchi 15 mwaka 2017, ambayo skrini yake ilichomoka ikabaki peke yake na uzito wa gramu 817 hivi. Lakini sehemu kubwa ya betri ilibaki chini kwenye kibodi, hivyo skrini iliyochomolewa haikukaa na chaji muda mrefu. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikaja na Surface Laptop Studio, ambayo skrini yake haichomoki: huvutwa mbele na kulazwa juu ya kibodi, mashine ikiwa palepale mezani. Naona somo hapo. Skrini kubwa inataka mahali pa kuegemea.

Ikishapata meza, mambo yanageuka. Mhadhiri anayesahihisha tasnifu anauona ukurasa kwa ukubwa wake halisi, na kwa kalamu ya kidijitali anaandika pembeni kama alivyozoea kwenye karatasi. Mchoraji wa ramani za nyumba hahitaji kuvuta na kusogeza picha kila mara. Ukiisimamisha kama hema, watu watatu au wanne wanaona mchoro mmoja bila kugongana vichwa. Ukiirudisha kuwa laptopu, jedwali refu la hesabu linaonekana bila kukodoa macho.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa, na mashine hii nayo hubebeshwa kila kitu. Skrini ya inchi 16 ina eneo la karibu mara moja na nusu ya ile ya inchi 13.3, na eneo lote hilo linataka mwanga. Ndiyo maana huwekewa betri kubwa zaidi, nayo betri huongeza uzito. Kioo cha kugusa nacho aghalabu hung'aa: ukikaa nje chini ya mwembe mchana, utauona uso wako kuliko kazi yako. Skrini pana ikisimama hutikisika kila ukiigusa, na mkono ulionyooshwa mbele kwa muda mrefu huchoka. Gusa kidogo ikiwa imesimama. Ukitaka kuandika, ilaze.

Kalamu nayo isikupite. Zipo zinazohitaji betri au kuchajiwa, na zipo zisizohitaji, kama S Pen ya Samsung. Ya aina moja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye skrini ya aina nyingine, kwa hiyo hakikisha kalamu inakuja na mashine, au ujue mapema bei yake.

Matengenezo ndiyo gharama inayojificha. Kwenye laptopu ya kawaida, skrini ikipasuka fundi mara nyingi hubadilisha paneli peke yake. Kwenye ya kukunja, kioo, tabaka la kugusa na paneli kwa kawaida vimegandishwa pamoja, na kimoja kikivunjika vyote huondoka. Ukinunua iliyotumika, fungua na kufunga bawaba polepole huku ukisikiliza, kisha kagua pembe za kasha karibu nazo kama zina nyufa. Chora mistari ya mshazari kwa kalamu kutoka kona hadi kona. Mstari ukikatika au ukitetemeka mahali palepale kila mara, irudishe.

Msimamo wangu ni kwamba laptopu kubwa ya kukunja ni daftari la mezani linaloweza kuhama. Kwa anayeandika na kuchora kwa mkono kila siku, inastahili bei yake. Kwa anayetaka kusoma kitandani au kufanya kazi ndani ya basi, laptopu ya kawaida pamoja na kishikwambi kidogo vitamfaa zaidi.

Kama bado unasita, ile karatasi ya A4 usiitupe. Iweke kando ya kompyuta uliyo nayo kwa wiki moja, na kila unapotamani kuandika kwa mkono juu ya skrini, chora mstari mmoja. Wiki ikiisha, hesabu mistari kabla ya kuhesabu fedha.