Nukta sita za Vicksburg

Gazeti la kila siku la New York la mwaka 1863, limejaa habari za vita kuanzia juu hadi chini, hupatikana kwa makumi ya dola tu. Karatasi moja halisi ya Daily Citizen ya Vicksburg, Mississippi, ya Julai 2 mwaka huohuo, huuzwa kwa maelfu. Umri mmoja, vita vilevile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kinachotofautisha bei ni idadi ya nakala zilizosalia.

Magazeti makubwa ya New York yalichapwa kwa makumi ya maelfu kila siku, tena kwenye karatasi ya matambara, ambayo haichakai upesi. Vicksburg, mji wa Kusini, ilikuwa imezingirwa na Jenerali Grant wa jeshi la Kaskazini kwa siku 47. Karatasi za magazeti zilipokwisha, mchapishaji J. M. Swords alichapa nyuma ya karatasi za kupambia kuta: ukurasa 1, safu 4. Julai 4 mji ukasalimu amri pamoja na askari wapatao 30,000. Swords akakimbia, na wanajeshi wa Kaskazini wakakuta herufi za chapa bado zimepangwa. Wakabadilisha sehemu ya safu ya mwisho, wakaongeza tangazo lao la ushindi, wakachapa.

Mnunuzi ajihadhari hapa: toleo hilo limechapwa upya zaidi ya mara 30, mara nyingi kama kumbukumbu tu, bila nia ya kumdanganya mtu. Baada ya vizazi viwili vitatu sandukuni, wajukuu huamini kwa dhati kwamba wanayo ya asili. Zipo hata zilizochapwa kwenye karatasi za ukutani, kwa hiyo maua ya nyuma hayathibitishi kitu.

Maktaba ya Bunge la Marekani imeorodhesha alama za kutambulia nakala halisi. Juu ya safu ya kwanza, jina la gazeti liwe kwa herufi kubwa tupu. Mstari wa pili, kati ya jina la Swords na cheo chake, hesabu nukta: ziwe 6. Zikipungua au kuzidi, thamani ya nakala hiyo ni dola chache. Zikiwa 6, usitoe pesa bado. Endelea na alama nyingine hadi mwisho wa safu ya nne. Muuzaji asiyekubali kukutumia picha ya karibu ya safu hizo, mwachie gazeti lake.