Fahamu: Tembo akila shamba, serikali hulipa nini?

Tembo wakivamia mahindi usiku, alfajiri mkulima hubaki na mabua yaliyolala. Tanzania, anachoweza kudai ni kifuta jasho. Familia iliyofiwa hupewa kifuta machozi. Serikali inatoa pole, haikiri deni.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka Sh1 milioni kwa kifo. Kwa mazao, kiwango cha juu kilikuwa Sh100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupata kitu. Yaani jirani wa karibu kabisa na tembo ndiye aliyetoka mikono mitupu!

Kenya ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2013 inataja fidia: Sh5 milioni za Kenya kwa kifo, Sh3 milioni kwa ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Madai hupitia kamati ya kaunti. Viwango vimenona, ila malimbikizo ya madai yamekuwa kilio cha miaka mingi.

Ukivamiwa, toa taarifa mapema kwa ofisa wanyamapori, nyayo na kinyesi vikiwa bado shambani.