Ekipe ya nguvu, kombe hakuna: sababu gani?

Mangaribi, wakati jua inapunguza ukali na wanafunzi wametoka masomo, mabishano ya michezo inaanza Kolwezi, toka Manika mpaka Dilala. Swali moja inarudia kila siku: ekipe yenye haijabeba kombe hata moja, inaweza kuitwa ekipe kubwa? Wengi wanajibu bila kungoja: "Kombe njo inasema. Ingine yote ni mdomo."

Swali hiyo si ya kupitisha wakati tu. Kwa wanaume, ekipe ikikosa kombe, mwaka wenye kufuata inaendelea kucheza. Kwa wabinti, mara nyingi ni kinyume: hakuna kombe, basi hakuna jezi, hakuna balo, hakuna pesa ya transport, na ekipe inakufa polepole. Ndiyo maana inafaa kujua kombe inapatikana namna gani, na sababu gani ekipe nzuri sana zinaweza kuikosa.

Mfano wenye unaonyesha jambo hilo vizuri unatoka mbali, Marekani, kwenye voleboli ya wabinti wa iniversite. Shampiona yao kubwa, ya NCAA, ilianza mwaka wa 1981. Mechi zao zinavuta watu wengi: tarehe 30 Agosti 2023, watu 92 003 waliingia katika stade ya mupira wa miguu ya iniversite ya Nebraska kuangalia wabinti wakicheza voleboli.

Sasa angalia ekipe ya Pittsburgh. Mwaka wa 2021 ilifika nusu fainali, ikapigwa. Mwaka wa 2022 vilevile. 2023, 2024 na 2025, vilevile. Miaka mitano kwa kufuatana kati ya ekipe ine za kwanza za inchi nzima, lakini hata fainali moja haijacheza. Florida nayo ilifika fainali mara mbili. Mwaka wa 2003 ilishindwa na USC, mwaka wa 2017 ikashindwa na Nebraska. Mama Mary Wise, kochi wa Florida toka mwaka wa 1991, alishinda mechi zaidi ya 1 000 katika kazi yake, na aliacha kazi bila kombe ile. Kwa miaka zaidi ya 40, hakuna mwanamuke kochi hata mumoja aliyeibeba, mpaka Desemba 2024, wakati Katie Schumacher-Cawley alishinda na ekipe ya Penn State.

Hata Nebraska, yenye iko na makombe yake, ilionja uchungu huo. Mwaka wa 2025 ilicheza mechi 33 na kushinda zote 33. Ya 34 ilikuwa robo fainali, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Texas A&M ikaipiga seti 3 kwa 2, na safari ikaishia pale. Texas A&M njo ilibeba kombe mwaka ule.

Hesabu yenye watu wanasahau

Hapa hakuna kindoki, ni hesabu. Mashindano ile inachukua ekipe 64, na kila ekipe yenye kushindwa mara moja inarudi nyumbani. Ili kubeba kombe, inafaa kushinda mechi 6 kwa kufuatana.

Tuseme ekipe ni kali sana: kila mara ikicheza mechi 10, inashinda 9. Watu watafikiri kombe iko tayari mukononi. Lakini nafasi ya kushinda mechi zote 6 bila kuteleza ni karibu 53 kwa 100. Maana yake, ekipe ya namna ile, karibu mara moja juu ya mbili itarudi mikono mitupu. Ikiwa ni ya kushinda mechi 8 juu ya 10, nafasi inashuka mpaka karibu 26 kwa 100.

Voleboli yenyewe inaongeza ukali. Seti ine za kwanza zinaishia kwenye pointi 25. Ikifika 2 kwa 2, seti ya tano inaishia kwenye pointi 15 tu. Kazi ya mwaka muzima inaweza kuamuliwa kwa dakika kumi na tano, juu ya serve moja yenye iligusa wavu na kuanguka upande mubaya.

Shampiona yenye kila ekipe inakutana na zingine zote inasamehe makosa, sababu ukipoteza leo utashinda juma lenye kuja. Mashindano ya kutoana haisamehe. Inaonyesha nani alikuwa muzuri siku ile. Haionyeshi kila mara nani alikuwa muzuri mwaka ule.

Kwetu pia

Congo iko na historia yake. Januari 2014, kule Alger, Léopards wanawake wa handball walifika fainali ya Afrika. Angola, yenye ilikuwa imebeba kombe mara 8 kwa kufuatana toka 1998 mpaka 2012, safari hiyo ilimaliza ya tatu. Mulango ulikuwa wazi. Lakini Tunisia njo iliingia: ikashinda fainali, na Congo ikabaki ya pili. Mwaka wa 2018, Brazzaville, Congo ikawa ya tatu. Mwisho wa mwaka wa 2024 mashindano ilifanyika Kinshasa kwenyewe, na Angola ikabeba kombe yake ya 16.

Basi, kizazi kile cha handball hakikuwa kitu? Nafasi ya pili ya 2014 iliwapeleka kwenye Kombe la Dunia kule Danemark mwaka wa 2015. Ile ya tatu ya 2018 iliwapeleka Japon mwaka wa 2019. Katika kabati hakuna kitu, lakini wabinti wa Congo walicheza mbele ya dunia.

Karibu zaidi, Lubumbashi, TP Mazembe wanawake walionyesha faida ya kuvumilia. Mwaka wa 2022 walienda Maroc kwa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, wakatoka mapema, kwenye makundi. Ekipe haikuvunjwa. Novemba 2024 walirudi Maroc, wakapiga AS FAR 1-0 katika fainali, wakabeba kombe. Kama wangehukumiwa juu ya 2022, ile ya 2024 isingekuwa.

Kile chenye kinabaki

Pittsburgh haijabeba kombe, lakini kila mwaka inarudi. Sababu haiko bahati. Toka mwaka wa 1972, sheria ya Marekani inakataza masomo yenye kupata pesa ya serikali kubagua wabinti, na michezo iko ndani. Kwa hiyo ekipe ya wabinti haingoji kombe ili ipate uwanja na kochi. Na wachezaji wengi wanalipiwa masomo: wakipoteza fainali, diplome inabaki.

Lualaba haina sheria ya namna ile juu ya michezo, lakini iko na mulango mwingine. Kodi ya migodi ya mwaka wa 2018 inaomba kila kampuni ya migodi itoe angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa eneo, tena ifanye mapatano nao katika cahier des charges. Mara nyingi wakaaji wanaomba maji, barabara, masomo na dispensaire, na wako na haki. Lakini uwanja wa voleboli hauombi mengi: nguzo mbili, wavu, mistari, na nafasi ya metre 18 kwa 9, pamoja na pembeni kidogo ya kukimbilia.

Siku wakaaji wanakaa na kampuni kupanga mambo hayo, mutu mumoja anaweza kuuliza kama ekipe ya wabinti wa pale imebeba kombe gani. Swali yenye inafaa kuulizwa mbele ni hii: wako na uwanja?