Mbwa si mjamzito, na kisukari chake si cha mimba tu

Ukisema mbwa wako ni "mjamzito", wazee wa lugha watakukosoa, na wana hoja. Mja ni binadamu, mja wa Mungu. Mjamzito ni mja aliye mzito. Mbwa ana mimba. Wala hajifungui: anazaa. Kwa hivyo ugonjwa wa sukari unaompata wakati huo tuuite "kisukari cha mimba", si "cha ujauzito".

Lakini hata jina hilo lina kasoro, na kasoro hii inaweza kumgharimu mnyama uhai. Kwa mwanamke, ni homoni za kondo la nyuma zinazoizuia insulini. Kwa mbwa, joto likipita, homoni ya projesteroni hupanda na kukaa juu takriban miezi miwili, awe amepandwa au hakupandwa. Projesteroni huyachochea matiti kutoa homoni ya ukuaji, nayo huidhoofisha insulini. Sukari inarundikana damuni. Yaani mbwa asiye na mimba yoyote anaweza kupata "kisukari cha mimba"! Mwenye mbwa akilisikia jina hilo atasema, "Wangu hajapandwa, hayo hayamhusu." Mimi ningependelea "kisukari cha baada ya joto": joto la kutaka dume, si la jua.

Maana jua nalo husingiziwa. Homa Bay, mbwa akimaliza karai la maji mara kwa mara, ni rahisi kulaumu jua la ziwani. Kule Awendo, Migori, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony, neno "sukari" laweza kumfanya mtu adhani eti mbwa ameugua kwa kutafuna miwa. Sivyo. Tazama dalili zikiandamana: anakunywa sana, anakojoa sana, anakula lakini anakonda, hasa akiwa wa makamo na alitoka kwenye joto majuma machache yaliyopita. Daktari wa mifugo atapima damu na mkojo.

Tiba ni insulini (ambayo Banting na Best waliipata Toronto mwaka 1921 kwa kuwafanyia majaribio mbwa hao hao) pamoja na kuondoa ovari. Upasuaji huo tusiuite "kuhasi". Anayehasiwa ni dume. Ovari zikiondolewa mapema, au mimba ikiisha, baadhi hupona kabisa. Wakicheleweshwa, kongosho huchoka na mbwa hudungwa sindano maisha yake yote.