Takwimu za Afya: Nani Amehesabiwa, na Wapi?

Utafiti wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya watoto nchini Tanzania huzaliwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 63. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo, karibu mtoto mmoja kati ya watano bado huzaliwa kwingineko, na rejesta ya wodi ya wazazi haimjui.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya vyanzo vya Serikali. Taarifa za MTUHA huanzia katika rejesta anayojaza muuguzi, kisha jumla za mwezi huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Hakuna chanzo kinachoikaribia zahanati kuliko hicho. Lakini mama aliyefia nyumbani au njiani aghalabu hamo. Mtumishi asiye na akaunti ya mfumo huo hupata taarifa za eneo lake kwa mratibu wa MTUHA wa halmashauri.

Utafiti wa kaya hufuata njia nyingine: wadadisi huenda majumbani. Ili kukadiria vifo vitokanavyo na uzazi, wanawake huulizwa habari za dada zao wa tumbo moja, walio hai na waliofariki. Kwa njia hiyo utafiti wa 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na aliyefia nyumbani naye akahesabiwa. Udhaifu wake ni kwamba sampuli haitoshi kuieleza wilaya moja, sembuse kata. Anayenukuu wastani wa taifa kana kwamba ndio hali ya kijiji chake anajidanganya.

Chanzo cha tatu ni sensa, nayo husahaulika mno. Tuseme zahanati inatarajia watoto 200 kwa mwaka, ikachanja 230: kiwango kitasomeka asilimia 115. Si lazima mtu awe amedanganya. Huenda kina mama wa kata jirani wameleta watoto wao, au makadirio ya idadi ya watu yamepitwa na wakati. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Katika miaka kumi iliyokuwa kati yake, mipango mingi ilitegemea makadirio. Hatari ni kwamba asilimia 115 huwatuliza viongozi, ilhali katika kitongoji cha mbali wapo watoto ambao hawajapata hata dozi moja.

Ripoti za sensa na za tafiti hizo zimo katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nazo hupakuliwa bila malipo. Idadi ya watu imechapishwa hadi ngazi ya kata. Mjumbe wa kamati ya afya ya kijiji, hata mgonjwa wa kawaida, anaweza kuichukua idadi hiyo na kumuuliza mganga mfawidhi: asilimia iliyobandikwa ukutani imegawanywa kwa watu wangapi, na wa mwaka gani?