Kabla ya Kuchagua Chuo cha Uhandisi, Ulizia Karakana

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana waliofaulu vizuri fizikia na hesabu huanza kupekua orodha za vyuo bora vya uhandisi duniani. Majina ya juu hayabadiliki sana: MIT na Stanford za Marekani, Cambridge ya Uingereza, ETH Zürich ya Uswisi, Tsinghua ya China. Orodha hizo zina maana yake. Lakini sehemu kubwa ya alama zake hutokana na maoni ya wanazuoni na waajiri kuhusu sifa ya chuo, na mara ngapi tafiti zake zimenukuliwa. Hazisemi mwanafunzi wa mwaka wa pili anashinda karakanani saa ngapi kwa wiki, na kwa anayetaka kuwa mhandisi, hilo ndilo swali la kwanza.

MIT, iliyoanzishwa mwaka 1861, ilikwisha kulijibu mapema. Nembo yake inaonyesha watu wawili wamesimama pamoja: fundi kwenye fuawe na msomi mwenye kitabu. Tangu miaka ya 1970 wanafunzi wa uhandisi mitambo hapo wamekuwa na somo ambalo profesa Woodie Flowers alilipatia umaarufu mkubwa. Kila mmoja alikabidhiwa boksi la vikorokoro vile vile, vipande vya chuma, mota, springi, akaambiwa aunde mashine itakayoshindana na za wenzake mbele ya umati. Mahesabu yakiwa sahihi kwenye daftari lakini gurudumu likakwama, ukumbi mzima unaona. Hapo ndipo kijana anapoelewa kwa nini skrubu hulegea na kwa nini vipimo huachiwa nafasi.

Binafsi, chuo ninachokipigia debe kuliko vyote ni Waterloo cha Kanada, ingawa hakitajwi sana kwetu. Tangu kilipoanza mwaka 1957 kimejengwa juu ya mpango mmoja: mwanafunzi wa uhandisi husoma kwa miezi kadhaa, kisha huenda kazini akilipwa mshahara, halafu hurudi darasani. Hadi anahitimu anaweza kuwa na uzoefu wa karibu miaka miwili. Kwa mhitimu wetu anayekutana na tangazo la kazi linalodai uzoefu, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kanada pia ina desturi inayonigusa. Agosti 1907 Daraja la Quebec liliporomoka likiwa bado linajengwa, na wafanyakazi 75 wakafa. Chanzo kilikuwa makosa ya usanifu na uzito uliokadiriwa vibaya. Tangu mwaka 1925 wahandisi wa huko huvishwa pete ya chuma, ya kuwakumbusha wajibu wao, kwenye kidole kidogo cha mkono wa kazi, mkono ule ule unaotia saini michoro. Natamani kila chuo chetu kiwe na jambo la namna hiyo, maana maghorofa yanaporomoka hata kwetu.

Tuje kwenye fedha. Ujerumani imebaki kimbilio la wengi kwa kuwa vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini mambo yanabadilika. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha TUM mjini Munich kilifuata mwaka 2024. ETH nayo imepandisha ada ya wageni kuwa mara tatu ya ile ya awali kuanzia 2025. Halafu kuna lugha: shahada ya kwanza katika vyuo hivyo kwa kiasi kikubwa hufundishwa kwa Kijerumani, na mtihani wa mwaka wa kwanza ETH hurudiwa mara moja tu. Ukifeli tena, safari imeishia hapo.

Si lazima kupanda ndege ya mbali. Mwishoni mwa 2023 IIT Madras ya India ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, ikianza na sayansi ya data na akili mnemba. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu 1973.

Jambo la mwisho ndilo linaloumiza zaidi likisahauliwa. Tanzania na Kenya, sheria hairuhusu mtu kufanya kazi kama mhandisi bila kusajiliwa, na shahada peke yake haitoshi. Kenya imewahi kuwa na wahitimu waliomaliza miaka mitano darasani kisha wakakataliwa usajili kwa sababu kozi yao haikutambuliwa, wakaishia mahakamani. Hivyo mzazi, kabla hujalipa hata senti ya kwanza ya ada, iwe Munich, Beijing au mtaa wa pili, iandikie bodi ya usajili wa wahandisi ya nchi yako, taja chuo na jina kamili la kozi, na usubiri jibu la maandishi.