Binti wa D+ na Ngazi Tuliyoisahau

Twapenda leo tuzungumze juu ya jambo lililotufika mlangoni.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka, mama mmoja wa Likoni alitujia baada ya Alasiri. Karatasi ya matokeo alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso yake kama mtu afichaye deni. "Maalim," akasema kwa sauti ya chini, "mwanangu kaanguka. Kapata D+. Kuna wakala, asema pasipoti itakuwa tayari mwezi huu, aende Saudia akafanye kazi za nyumba. Mwatushauri vipi?"

Tukamwuliza binti mwenyewe ataka nini. Mama akanyamaza. Hakuwa amemwuliza, na hatumlaumu, kwani nyumbani wapo watano na baba yao ni mgonjwa.

Lakini neno lile "kaanguka" halikututoka kichwani. Ni kweli chuo kikuu chataka C+. Vyuo vya umma vya ufundi, hata hivyo, vina milango mingine. Mwenye C- aweza kusomea stashahada, mwenye D aweza kusomea cheti cha ufundi, na aliye chini ya hapo, hata mwenye E, ana kozi za fundi wa mwanzo. Ahitimuye ngazi moja hupanda nyingine, na mwenye stashahada aweza kuomba shahada. Binti yule basi hakuanguka. Alikuwa amesimama kwenye kidato cha pili cha ngazi, na mamake hakuona ila kile cha juu kabisa.

Huko Marekani kila jimbo lina vyuo vya namna hii vilivyo karibu na watu. California pekee ina 116. Mwanafunzi hulala kwao, husoma miaka miwili, kisha akipenda huhamia chuo kikuu kuendelea na mwaka wa tatu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, maana ngazi kama hii ilijengwa hapa kwetu, tena kwa jina letu. Mwaka 1948 ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi kama MIOME, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Waliochangia ni Aga Khan, Sultani Seyyid Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, jamaa zetu Mabohora, na serikali ya kikoloni. Shabaha ilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Wakuu wale hawakuona haya kutoa mali zao ili kijana ashike bisibisi. Mwaka 1966 taasisi ikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale pale Tudor. Chuo chenyewe kimepanda ngazi kidato kwa kidato, nasi twapita mbele yake kwa matatu bila kukumbuka kilianza vipi.

Mwaka huo huo wa 1966 baraza la makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Katika swali hilo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 imeviweka chini ya serikali za kaunti. Twakiri kwamba swali lile lilistahili kuulizwa misikitini pia.

Sasa tuje kwenye yanayowazuia akina mama. La kwanza ni heshima ya binti. Mama aogopa mchanganyiko, aogopa feri ya jioni, aogopa maneno ya majirani. Hofu hizi si za kubezwa. Lakini mama huyo huyo alikuwa tayari kumpeleka mwanawe ng'ambo ya bahari, katika nyumba ya watu asiowajua, ambako hawezi kumfikia hata akililia. Twamwambia: nenda chuoni wewe mwenyewe. Tazama madarasa, uliza mahali pa kusali, uliza masomo hutoka saa ngapi. Bi Zaynab binti Jahsh, mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi na kushona, na kwa kazi ya mikono yake akitoa sadaka. Hatujasikia heshima yake ikapungua.

La pili ni riba, na hapa twasema wazi kwamba wazazi wana haki ya kulalamika. Serikali hutoa ruzuku, na sehemu iliyobaki ya karo mwanafunzi huelekezwa kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo mikopo yake kwa kawaida imekuwa na riba ya asilimia 4. Wapo mabinti waliorudi nyumbani kwa sababu hiyo. Wasirudi kabla ya kuomba basari ya kaunti na ya eneo bunge, na kabla ya kukiomba chuo kiwaruhusu kulipa kidogo kidogo. Nazo kamati za misikiti yetu, ambazo hukusanya fedha za mazulia kwa wiki moja, zina la kujibu hapa.

Na wewe dada ushonaye au upikaye biashara miaka kumi bila cheti, ujue ipo mitihani ya ufundi ya serikali, chini ya mamlaka iitwayo NITA, isiyodai matokeo ya shule. Mkono wako ndio unaopimwa.

Yule mama tulimwelekeza Kenya Coast National Polytechnic, Barabara ya Kisauni. Walivuka feri asubuhi, yeye na binti. Walipofika kwenye karakana binti hakutazama ushonaji wala mapishi; alisimama kwenye nyaya za umeme na hakutaka kuondoka. Mama alituletea habari hizo akicheka na kulalamika kwa pamoja. Akasema wameambiwa walete nakala za vyeti na picha ndogo, na picha anazo tayari, zile alizopigwa kwa ajili ya wakala.